Kuchora Maisha ya Mchunguzi wa Viumbe Bila Kupotosha Historia

Mwandishi wa wasifu wa kawaida anaweza kuandika kwamba Charles Darwin aliondoka Uingereza kwa merikebu ya Beagle tarehe 27 Desemba 1831, kisha akaendelea na habari nyingine bila kutaja uso wa kijana huyo, mavazi yake, wala ukubwa wa chumba alicholala. Mchoraji wa riwaya ya picha hana nafasi hiyo ya kunyamaza. Akishika kalamu ni lazima auchore uso, na uso huo utakuwa na ndevu au hautakuwa nazo. Siku ile Darwin alikuwa na umri wa miaka 22, na ndevu ndefu ambazo wasomaji wengi wanamjua nazo hakuzifuga mpaka miaka ya 1860. Fremu inayomwonyesha mzee mwenye ndevu nyeupe akitembea kati ya kobe wa visiwa vya Galápagos imekosea kwa miaka 30 hivi, hata kama maneno yote yaliyomo katika ukurasa huo ni sahihi.

Kila mstari unaochorwa ni dai kuhusu jambo lililopita, na madai mengi kati ya hayo mchoraji huyatoa bila kukusudia. Kazi ya anayetaka kuwa mwaminifu ni kujua, kwa kila fremu, dai lake limesimama juu ya nini: ushahidi, makadirio yenye msingi, au ubunifu wake mwenyewe.

Kalenda kabla ya kalamu

Kabla ya kuchora fremu ya kwanza, tengeneza kalenda ya maisha ya mhusika wako inayofuata miezi, na pale inapowezekana, siku. Katika kila mstari andika umri wake, mahali alipokuwa, watu waliokuwa naye, hali ya afya yake, na chanzo kilichokupa habari hiyo. Inaonekana kama kazi ya karani, lakini ndiyo inayookoa vitabu, kwa kuwa makosa mazito zaidi katika uandishi wa aina hii hutokea pale mtu anapowekwa mahali ambapo hakuwapo.

Chukua mfano wa tarehe 1 Julai 1858. Siku hiyo, katika mkutano wa Linnean Society, chama cha wachunguzi wa viumbe jijini London, maandishi ya Darwin na ya Alfred Russel Wallace kuhusu uteuzi wa asili, yaani wazo kwamba viumbe wanaofaa zaidi mazingira yao huishi na kuzaa kuliko wenzao, yalisomwa hadharani kwa mara ya kwanza. Mchoraji yeyote atatamani kuwaonyesha wawili hao wamesimama bega kwa bega mbele ya ukumbi uliopigwa na butwaa. Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo. Wallace alikuwa mbali kabisa, katika visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia, na hakujua kwamba maandishi yake yanasomwa. Darwin alikuwa na msiba, kwa maana mwanawe mdogo, Charles Waring, alikuwa amefariki siku tatu kabla kwa homa ya vipele vyekundu. Wanasayansi rafiki zake, Charles Lyell na Joseph Hooker, ndio waliowasilisha maandishi hayo, katibu akayasoma, na ukumbi haukushtuka. Mwaka uliofuata rais wa chama hicho, Thomas Bell, alisema kwamba mwaka uliopita haukuwa na uvumbuzi wa kutikisa elimu. Kwa maoni yangu tukio hilo la kweli lina nguvu kuliko lile la kubuni, kwa sababu wazo lililokuja kubadilisha elimu ya viumbe lilisomwa na mtu mwingine, mbele ya watu ambao hawakulitambua, huku mmoja wa wenye wazo akiwa matangani na mwenzake akiwa hana habari.

Kalenda hukulinda hata katika mambo madogo. Mary Anning, mchimbaji wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) wa Lyme Regis, Uingereza, huchorwa mara nyingi pamoja na mbwa wake Tray, na ni haki, kwani yumo katika picha yake mashuhuri ya rangi. Hata hivyo, mbwa huyo alifukiwa na maporomoko ya jabali mwezi Oktoba 1833, karibu kabisa na Anning mwenyewe, ambaye alinusurika chupuchupu. Mbwa akionekana katika fremu ya mwaka 1840, msomaji anayeijua habari hiyo atakifunga kitabu.

Chanzo kiliandikwa lini?

Vyanzo havina uzito sawa. Barua iliyoandikwa usiku wa tukio, daftari la safari lililojazwa kwa penseli mvuani, kitabu kilichochapishwa baada ya miaka kadhaa, na kumbukumbu zilizoandikwa uzeeni ni mashahidi wanne tofauti, hata pale wote wanapotoka kwa mtu mmoja. Kando ya kila habari andika tarehe mbili, ya tukio na ya kuandikwa kwake, kisha utazame pengo lililo kati yake. Darwin aliandika habari za maisha yake mwaka 1876 kwa ajili ya familia yake, miaka 40 baada ya kurudi kutoka safarini. Ni hazina, lakini ni hazina ya mzee anayekumbuka, na mahali inapopingana na madaftari ya safari, madaftari ndiyo yanayostahili kusikilizwa kwanza.

Hapa ndipo penye hadithi inayopotoshwa kuliko zote, ile ya ndege wadogo wa Galápagos. Katika vitabu vingi vya picha, Darwin anaonekana amechuchumaa juu ya mwamba mweusi mwaka 1835, anawatazama ndege wenye midomo ya maumbo mbalimbali, na papo hapo nadharia nzima inamjia. Haikuwa hivyo. Alikaa katika visiwa vile takriban majuma matano, kati ya Septemba na Oktoba 1835, na sampuli nyingi za ndege hao hakuziandikia kisiwa zilikotoka. Waliomshughulisha zaidi walikuwa ndege wengine, wale wenye sifa ya kuiga sauti, kwani alitambua kwamba walitofautiana kutoka kisiwa hadi kisiwa. Nicholas Lawson, aliyekuwa kaimu gavana wa visiwa hivyo, alimwambia kwamba angeweza kujua kobe ametoka kisiwa gani kwa kumtazama tu, lakini Darwin hakulipa neno hilo uzito uliostahili wakati ule. Kobe waliopandishwa merikebuni waliliwa njiani na magamba yao yakatupwa baharini.

Nuru ilikuja London. Mapema mwaka 1837 mtaalamu wa ndege John Gould alizichunguza sampuli na kueleza kwamba wale ndege wadogo, ambao Darwin alidhani ni wa jamii mbalimbali zisizohusiana, walikuwa kundi moja la ndege wenye ukoo wa karibu. Ndipo Darwin alipolazimika kuomba sampuli za wenzake, akiwamo FitzRoy, nahodha wa Beagle, na Syms Covington, mtumishi wa Darwin mwenyewe, kwa sababu wao walikuwa wameandika majina ya visiwa.

Anayechora habari hii kwa uaminifu anahitaji mandhari mbili: ya kwanza ni mwamba wenye joto, bunduki, na mfuko ambamo ndege wa visiwa viwili wanachanganywa, ya pili ni meza ya London yenye ngozi za ndege zilizopangwa mstari, kila mmoja na kipande cha karatasi mguuni, na vipande vingine havina jina la kisiwa. Mchore Gould akiwa ameinama juu ya meza, na mchore Darwin akisoma karatasi zile. Mvutano wote wa tukio umo katika vile vikaratasi, na mchoraji anayekubali kuchora karatasi badala ya radi atakuwa amemfundisha msomaji namna elimu inavyopatikana kweli.

Picha ya zamani nayo ihojiwe

Wachoraji wana mazoea ya kuamini picha kuliko maandishi. Picha ya enzi zile huonekana kama dirisha, kumbe nayo ilitengenezwa na mtu aliyekuwa na sababu zake. Uliza ilichorwa na nani, lini, wapi, na kwa faida ya nani. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alisafiri Lapland, kaskazini kabisa mwa Ulaya, mwaka 1732, na picha inayomwonyesha katika mavazi ya Wasami, wenyeji wa huko, ni maarufu mno. Picha hiyo ilichorwa na Martin Hoffman nchini Uholanzi mwaka 1737, na mavazi yenyewe ni mkusanyiko wa vipande visivyovaliwa pamoja na Wasami. Ukiinakili ili kumwonyesha Linnaeus akiwa njiani, utakuwa umechora vazi la kujitangaza ukalifanya kuwa vazi la safari.

Kamera nayo ina kalenda yake. Njia ya kwanza ya upigaji picha ilitangazwa hadharani mwaka 1839, kwa hiyo sura yoyote ya kabla ya hapo imepita mikononi mwa mchoraji. Hata baada ya hapo, picha mashuhuri inaweza kukupeleka siku isiyo yake. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, na mwezi Novemba mwaka huo akamwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akivua mchwa kwa majani. Picha nyingi tunazozikumbuka za kazi yake zilipigwa na Hugo van Lawick, aliyefika mwaka 1962. Mchoraji anayezinakili kwa ajili ya tukio la 1960 anampa Goodall sokwe waliokwisha kumzoea, wakati ambapo miezi ile ya mwanzo ilikuwa ya kuwatazama kwa mbali, kwa darubini, huku wengi wakimkimbia. Umbali huo ndio unaopaswa kuonekana katika fremu: mtu mdogo upande mmoja wa bonde, na kivuli cheusi upande wa pili.

Vyombo, vyumba na mavazi

Kwa vyombo, tafuta mchoro wa kiufundi badala ya mchoro wa sifa. Beagle ilizinduliwa mwaka 1820 ikiwa na milingoti miwili, lakini ilipofanyiwa marekebisho kabla ya safari zake za uchunguzi iliongezewa mlingoti wa galmi, yaani mlingoti mdogo wa nyuma, hivyo merikebu ya Darwin ilikuwa na milingoti mitatu. Urefu wake ulikuwa mita 27 hivi tu, na ilibeba zaidi ya watu 70. Chumba cha nyuma alicholala kilikuwa na upana wa mita tatu hivi, na katikati palikuwa na meza kubwa ya kuchorea ramani. Kitanda chake cha turubai kilining'inizwa juu ya meza hiyo, naye kwa kuwa alikuwa mrefu, alilazimika kuchomoa droo ya kabati ili kitanda kipate nafasi ya kutosha. Chora droo hiyo. Maelezo ya maneno kuhusu ufinyu wa merikebu hayatamfikia msomaji kama droo iliyochomolewa itakavyomfikia.

Mandhari ya ushindi yana mtego wake. Tarehe 23 Juni 1802 mchunguzi Mjerumani Alexander von Humboldt, pamoja na wenzake Aimé Bonpland na Carlos Montúfar, walipanda Chimborazo, mlima wa Ekuado wenye urefu wa mita 6,263, lakini hawakufika kileleni. Walizuiwa na ufa mkubwa wakiwa chini ya mita 5,900, katikati ya ukungu, miguu imelowa, ufizi ukitoka damu kwa upungufu wa hewa. Kilele hakikufikiwa mpaka mwaka 1880. Usimpe Humboldt bendera wala jua la asubuhi. Mpe ukungu na kipimahewa.

Mimea na wanyama wa nyuma ya fremu

Wasifu wa mchunguzi wa viumbe unabeba wajibu ambao wasifu wa mfalme au mwanamuziki hauna. Mhusika wako alitumia maisha yake kutofautisha jani na jani, na ukichora nyuma yake majani ya kubahatisha, kitabu kinakwenda kinyume na mtu kinayemheshimu.

Hili ni zito zaidi kwa Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alisafiri hadi Suriname pamoja na binti yake Dorothea Maria, na mwaka 1705 akachapisha jijini Amsterdam kitabu chake kikubwa kuhusu wadudu wa huko. Nguvu ya kazi yake ilikuwa kuonyesha katika ukurasa mmoja kiwavi, pupa na kipepeo wa aina moja, wote juu ya mmea ambao kiwavi huyo anaula. Uhusiano wa mdudu na chakula chake ndio uliokuwa hoja yake. Fremu inayomwonyesha Merian akichora kiwavi juu ya ua lolote lililopendeza macho inamnyang'anya hoja hiyo. Kwa hiyo fungua ukurasa wake mwenyewe, chagua mdudu mmoja, tambua mmea wake, kisha uuchore huohuo, na jani liwe na matundu ya kuliwa.

Pia angalia kama kiumbe unayemchora alikuwapo mahali hapo wakati huo. John James Audubon, mchoraji wa ndege, aliishi Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, akafariki mwaka 1851. Kwezi wa Ulaya, ambao leo wamejaa Amerika Kaskazini, walistawi huko baada ya kuachiwa New York mwaka 1890, kwa hiyo hawawezi kuwa juu ya paa la nyumba yake. Anga lake lilijaa njiwa wahamaji, ambao yeye mwenyewe aliwaeleza kuwa walifunika mwanga wa mchana, na ambao walitoweka duniani kabisa mwaka 1914. Jambo hilihili linahusu magugu, miti ya mapambo na mazao, ambayo yamehamishwa sana katika karne mbili zilizopita. Orodha za viumbe vamizi zenye miaka ya kuingia kwao ni msaada mkubwa kwa mchoraji, na ajabu ni kwamba wachache wanazitumia. Mwezi nao hauna haja ya kubahatishwa, kwani ukiwa na tarehe na mahali, programu za falaki zitakuambia ulikuwa na umbo gani usiku ule.

Maneno ndani ya puto

Puto la maneno ndipo mahali pa hatari kwa mwandishi. Msomaji hulichukulia kama sauti iliyosikika, ilhali mazungumzo mengi ya zamani hayakuandikwa na mtu. Mjadala wa Oxford wa tarehe 30 Juni 1860 kuhusu nadharia ya Darwin, kati ya mtetezi wake Thomas Huxley na mpinzani wake Askofu Samuel Wilberforce, unafahamika kwa majibizano makali kuhusu nyani na ukoo wa babu, lakini hakuna kumbukumbu ya neno kwa neno iliyoandikwa siku ile, na maneno maarufu yametokana na barua na simulizi zisizolingana. Suluhisho ninaloliona bora ni kuliacha puto liwe fupi au tupu, kuonyesha nyuso na msukosuko wa ukumbi, na kuyaweka maneno maarufu katika kisanduku cha maelezo yakitajwa kuwa ndivyo yalivyosimuliwa baadaye. Mchoraji shupavu anaweza hata kuchora fremu mbili za tukio lilelile, kila moja kwa mujibu wa shahidi wake.

Mazungumzo ya kubuni hayakatazwi, maana bila hayo kitabu hakisomeki. Yawekewe mipaka miwili: yasimpe mhusika maarifa ambayo hakuwa nayo, na yasitumie majina yaliyozaliwa baadaye. Kundi la Dinosauria lilipewa jina na Richard Owen mwaka 1842, kwa hiyo Anning hawezi kulitamka alipofukua mifupa ya plesiosauri, mtambaazi wa baharini wa kale, mwaka 1823, na mnyama huyo hata hivyo si wa kundi hilo. Vilevile, Goodall alipotua Gombe mwaka 1960 nchi iliitwa Tanganyika, ingali chini ya utawala wa Uingereza, na Gombe ilikuwa pori la akiba. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 1968.

Waliofanya kazi pasipo kuchorwa

Vyanzo vingi viliandikwa na wenye safari, na hao mara nyingi waliwataja wasaidizi wao kwa jina moja tu, au hawakuwataja kabisa. Mchoraji akifuata vyanzo kwa upofu atachora mtu mmoja peke yake msituni, jambo ambalo karibu kila mara si kweli. Wallace alikusanya sampuli 125,660 katika safari ya miaka minane, na hakuzikusanya peke yake. Kijana Ali wa Sarawak aliwinda ndege, akawachuna na kuwahifadhi, na mwaka 1858 katika kisiwa cha Bacan ndiye aliyemletea Wallace ndege wa peponi wa aina ambayo wanasayansi hawakuwa wameijua, na ambayo leo ina jina la Wallace. Ali ana picha iliyopigwa mwaka 1862, hivyo hakuna kisingizio cha kumchora kama kivuli.

Wengine hawana picha. John Edmonstone, aliyewahi kuwa mtumwa Guyana, alimfundisha Darwin kuhifadhi ndege jijini Edinburgh mwaka 1826, na ujuzi huo Darwin aliutumia katika safari nzima ya Beagle. Uso wake hatunao. Mchore, kwa kuwa kumwacha ni upotoshaji mkubwa kuliko kukadiria sura yake, kisha useme mwishoni mwa kitabu kwamba sura hiyo ni makadirio. Wanawake watumwa wa Suriname walimweleza Merian kuhusu mmea waliotumia kuharibu mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, naye akaandika hivyo. Wape nafasi katika fremu na wasemeshe kile tu kilichoandikwa; kuwabunia mawazo ya ndani kwa kurasa nyingi ni kuwasemea tena. Na pale mhusika mkuu alipokuwa na doa, kama Audubon aliyemiliki watumwa, doa hilo liwe ndani ya hadithi, katika fremu zenye watu na majumba, lisisukumwe kwenye tanbihi.

Daftari la fremu

Haya yote yanahitaji mahali pa kukaa. Fungua daftari ambamo kila fremu ina namba yake, na mbele ya namba andika kipi kimethibitishwa, kipi kimekadiriwa na kwa msingi gani, na kipi kimebuniwa. Ukiunganisha watu wawili kuwa mmoja au ukifupisha miezi mitatu kuwa siku moja, andika sababu. Kwa daftari hilo utaandika maelezo ya mwisho wa kitabu kwa muda mfupi, na msomaji ana haki ya kuyapata maelezo hayo kwa lugha nyepesi: ukurasa huu ni kumbukumbu, ule ni dhana yetu.

Kazi ipelekwe kwa wakaguzi ikiwa bado ya penseli, kabla ya wino na rangi, kwa kuwa mchoraji aliyekwisha kupaka rangi hutafuta sababu za kutobadilisha. Wakaguzi wawe angalau wawili, mmoja wa historia ya enzi hiyo na mwingine anayewajua viumbe wa eneo hilo shambani, kwa sababu mwanahistoria hataliona jani lisilo la mahali pake, na mtaalamu wa mimea hatauona mlingoti uliopungua. Wapelekee kurasa pamoja na daftari, uwaombe waanze na fremu zilizoandikwa kuwa zimethibitishwa, kwa maana hizo ndizo ambazo msomaji ataziamini bila kuuliza.